Walidhani Nashika Mila

Naandika nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya pipa la mahindi kando ya dirisha, na kila baada ya mistari michache natoka nje, nazunguka nyumba, narudi. Usinihurumie kwa hilo. Kuna wakati nilikuwa nazunguka kijiji kizima.

Naitwa Paskalina. Nimezaliwa Gitting, chini ya Mlima Hanang, nikaolewa huku juu Mbulu, upande wa Nambis, kwa mwanaume anayeitwa Safari. Tunalima mahindi, maharage na vitunguu saumu, na tuna ng'ombe wachache. Niliugua akili. Nasema hivyo hivyo, maana nimechoka na watu wanaosema kwa kunong'ona, "alipatwa na yale mambo." Yale mambo yapi? Niliugua, nikatibiwa, nimepata nafuu, na dawa bado nameza. Naandika kwa ajili ya mwanamke ambaye sasa hivi amekaa mahali kwenye chumba cha giza, na watu wote wanamsifu kwa jinsi alivyotulia. Pengine mwenyewe hataweza kusoma. Basi asome mumewe, au mama mkwe wake.

Ilianza na mtoto. Mwisho wa masika, barabara ya kwenda mjini ikiwa tope tupu, nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Niliomba kumwona, nikaambiwa nipumzike kwanza. Nilipoamka, Safari alikuwa tayari na udongo kwenye magoti ya suruali yake, nikajua ametoka kumzika.

Kwa mgeni wa huku inabidi nieleze. Kwetu Wairaqw, mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa pembeni. Tunaita metimani. Hashiki vyombo vya wengine, hapiti karibu na zizi, hachoti maji pamoja na wenzake, na zaidi ya yote hagusi watoto, mpaka muda upite na wazee wamtoe. Wanasema kifo bado kimemganda, kinaweza kurukia mtoto mwingine au ng'ombe wa jirani. Padri amehubiri dhidi ya jambo hili mara nyingi. Watu huitikia amina, hurudi nyumbani, na kuendelea nalo taratibu bila kelele. Si watu wabaya, wanaogopa tu kuzika tena.

Nikawekwa kwenye kijumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa cha ndama. Safari alikifagia, akatandika nyasi mpya, akaleta godoro letu. Binti yetu Lusia wakati huo ndiyo kwanza anaunganisha maneno mawili matatu. Mama mkwe alimbeba mgongoni, akampeleka nyumba kubwa.

"Utamchukua muda ukiisha," aliniambia, amesimama mbali. "Wewe kaa vizuri, umalize salama."

Kumchukua Lusia, hilo ndilo jambo pekee lililokuwa limebaki duniani kwangu. Haya yote ninayosimulia yanahusu hilo.

Basi nikakaa. Siku za mwanzo maziwa yaliendelea kuja, maana kifua hakikuwa na habari kwamba mtoto hayupo. Kila nilipomsikia Lusia akilia nyumba kubwa, gauni lilinilowa mbele. Baadaye maziwa yakakauka, na kuna kitu kingine ndani yangu kikakauka pamoja nayo. Chakula kiliwekwa mlangoni kwenye bakuli langu peke yangu. Nilikula nusu, kisha vijiko viwili, kisha nikawa nawamwagia kuku kwa upande wa nyuma ili bakuli lirudi tupu. Sikuoga. Nywele zilinishikana zikawa donge moja. Na yule mtoto ambaye hakulia nikaanza kumsikia analia, ndani ya ukuta wa udongo, upande ninakolaza kichwa. Nikawa namjibu na kumwimbia polepole.

Unajua watu walisema nini? Walinisifu! Wanawake waliopita njia ya juu kwenda shambani walimpazia sauti mama mkwe wangu: "Mkwe wako anajua kukaa huyo!" Mama mkwe akiitikia kwa fahari. Mwanamke wa metimani haongei sana, hacheki, hajipambi, hatoki. Mimi sikuongea, sikucheka, sikujipamba, sikutoka. Kila dalili ya ugonjwa wangu ilihesabiwa kuwa adabu. Hata Safari, ambaye ananijua mpaka ninavyokohoa, alisimama siku moja nje ya mlango akasema, "Mama Lusia, asante kwa uvumilivu wako." Nilitaka kumrushia bakuli, lakini mkono haukuinuka.

Kisha ikaja baridi ya katikati ya mwaka, ukungu ukashuka mpaka kwenye mapaa, na mimi nikaanza kutembea. Usingizi ulikuwa umekata kabisa. Alfajiri nilisukuma mlango nikatoka, nikapita katikati ya vitunguu vya watu, nikapita kandokando ya mazizi, nikashuka bondeni na kupanda tena. Sikuwa naenda popote. Kukaa kulikuwa kunaniunguza, na kutembea kulipunguza moto kidogo. Nilitembea peku kwenye umande mpaka nyayo zikapasuka. Nikikutana na mtu anakimbilia pembeni na kumfunika mtoto wake kwa khanga.

Haikupita muda, ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Bura, akaharibu mimba. Wazee wakaja uani kwetu. Nilisikia kila neno kupitia ukutani.

"Safari, mkeo anatembeza kifo kwenye malisho yetu," alisema Mzee Bura.

"Ana uchungu, mzee wangu."

"Nani hana uchungu? Wenzake wanakaa. Huyu amevunja mila. Mzuie, au tutamzuia sisi."

Katika maneno yote ya wazee siku ile hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Nilikuwa nimehama kutoka mwanamke mwenye adabu hadi mwanamke mkaidi, na katikati ya hayo mawili hakuna kati yao aliyeona mgonjwa. Wazee walipoondoka Safari na mama yake waligombana. Safari alitaka kunipeleka hospitali. Mama alimwuliza atanipitisha kwenye mashamba ya nani, mbele ya ng'ombe wa nani, wakati hata hapa uani watu wamenichoka. Mwisho Safari alichonga gogo la mti akaukomea mlango kwa nje. Alikuwa analia wakati anagonga. Nilimsikia akivuta kamasi kati ya pigo na pigo, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Watu wa utafiti walitukuta katika hali hiyo, maharage yakiwa yanang'olewa. Walikuwa wawili. Marselina ni mdada mzaliwa wa Dongobesh, Kiiraqw ni lugha yake kama sisi. Mwenzake alikuwa daktari kijana mwenye asili ya Moshi, koti lake jepesi mno kwa baridi ya huku. Walikuwa wanachunguza kama mgonjwa wa akili anaweza kuhudumiwa hapa hapa, kwenye zahanati na kwa majirani waliofundishwa kazi hiyo, badala ya kusubiri mpaka afungwe kamba na kupelekwa mbali. Walipita nyumba kwa nyumba, maswali yao yakiwa kwenye kishikwambi.

"Shikamoo mama," Marselina alimsalimia mama mkwe.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, ila hapa hakuna mgonjwa."

"Na kule nyuma, mlango umekomewa?"

"Kule yuko mkwe wangu. Ana metimani."

Marselina alielewa neno hilo bila kutafsiriwa. Alisogea, akasimama hatua chache kutoka mlangoni kwangu, akaanza kuuliza. Mimi nilikuwa natembea ndani, ukuta hadi ukuta, sikujibu. Mama mkwe alijibu badala yangu.

"Hamu ya kula imepungua?"

"Mwenye metimani anakula kwa raha gani?"

"Anajitenga na watu?"

"Mwanangu, ametengwa! Ajitenge mara ngapi?"

"Anajiona hana thamani, kwamba ni mzigo kwa wengine?"

"Ndivyo anavyotakiwa ajione kwa sasa."

Nasikia daktari aligeuka pembeni kuficha kicheko. Marselina hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba juma lile alikuwa amewauliza wanawake kadhaa wenye metimani, na wote kwa maswali yale walionekana wagonjwa. Maswali yalikuwa yametungwa mahali ambako mtu akikaa peke yake ni kwamba ameamua, au anaumwa. Hayakujua la kufanya na watu wa Nambis. Wakafunga kifaa chao wakaaga, nami nikasikia nyayo zao zikipanda njia bila kujali kama zinaondoka au zinarudi.

Wakarudi. Siku hiyo daktari aliomba kigoda, akakaa uani karibu na mama mkwe aliyekuwa anapura maharage. Kishikwambi kilibaki kwenye mkoba.

"Mama, maswali yetu yametushinda," alisema. "Naomba nikuulize wewe habari zako. Uliwahi kukaa kule nyuma?"

"Mara mbili. Mwanamke gani wa rika langu hajakaa?"

"Ulikuwaje ulipokuwa ndani?"

Mama mkwe aliendelea kupiga maharage. "Nilikuwa na hasira, baba. Mama mkwe wangu hakupumzika kwa ajili yangu. Kila akileta uji namwuliza, bado lini? Mwezi huu au ujao? Mtoto wangu mkubwa amekula? Nani anamwogesha? Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la ukuta mchana kutwa kama..." Hapo fimbo ya kupuria ikatulia.

"Kama nini, mama?"

"Huyu hajaniuliza."

"Hajakuuliza nini?"

"Lini anatoka. Tangu aingie hajaniuliza hata siku moja. Hata habari za Lusia haulizi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwenye metimani anangoja. Huyu hangoji kitu."

Nilisikia fimbo ikianguka. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu niingie mle, hatua za mama mkwe zikija mpaka mlangoni kabisa. Aliliondoa gogo kwa mikono yake. Mwanga uliniumiza macho.

"Paskalina," alisema. "Wakikutoa kesho asubuhi, utakwenda wapi?"

"Kwa huyu anayelia ukutani," nilimjibu. "Ananiita muda mrefu."

Alikaa chini pale pale, kwenye maganda ya maharage, akashika kichwa. Marselina alinipa mkono. Alikuwa mtu wa kwanza kunigusa tangu masika.

Sasa ungedhani hapo ndipo msaada ulianza. Haukuanza. Vijiji vilikuwa vimepigiwa kura ya bahati, vingine vianze huduma mapema na vingine vingoje mpaka vuli, ili waone kama kweli inasaidia. Chetu kiliangukia upande wa kungoja. Marselina alieleza hilo akiangalia viatu vyake. Safari, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, alimwuliza, "Na akifa kabla ya vuli, mtamwandika upande gani?" Daktari alisema tu kwamba mgonjwa wa namna yangu haachwi, kura au si kura, na akapiga simu hospitali tukiwa tumemzunguka.

Tuliondoka asubuhi mapema kwa pikipiki, kabla ng'ombe wa mtu yeyote hawajafunguliwa. Safari alikuwa amepita kwa majirani kuwaomba wachelewe kidogo. Wote walikubali, hata Mzee Bura. Sikujua jambo hilo mpaka mwaka uliofuata, na nilipolijua nililia sana.

Hospitali sitaitaja. Nakumbuka zaidi benchi la kungojea, la mbao, refu, lililong'arishwa na makalio ya watu. Nilishindwa kulikalia. Nilitembea kutoka dirisha la dawa hadi mlango wa choo, na watu wakakunja miguu ili nipite. Bibi mmoja asiyenijua alinikumbatiza chupa ya chai ya moto, akasema, "Nishikie hii, mjukuu wangu, nisije nikaiangusha." Nikaishika kwa mikono yote miwili. Joto lilipita viganjani, na kwa muda ule nilikuwa na kazi ya kufanya. Mpaka leo namwombea yule bibi.

Walinichoma sindano, wakanipa vidonge, nikalala usingizi mzito. Baada ya majuma kadhaa sauti ya ukutani ilififia, kisha siku moja nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijaisikia. Ungetegemea nifurahi. Nilimlilia mtoto upya, maana safari hii alikuwa amekufa kweli. Mwili nao haukuwa wangu tena. Mate yalinitoka usingizini yakalowesha mto. Uso ulinivimba, ulimi ukawa mzito, siku zangu za mwezi zikapotea. Njaa ilirudi kwa kishindo, nikawa nakwangua sufuria. Na miguu! Naomba unisikilize hapa, wewe uliyeanza dawa juzi. Moyo wangu sasa ulitaka kukaa. Kichwa kilitaka kukaa. Miguu ilikataa. Ilikuwa na wadudu ndani ya mifupa, na nikijilazimisha kukaa, wadudu wanapanda mapajani mpaka nasimama kwa kelele.

Nilirudi nyumbani, kwenye kijumba kile kile lakini mlango wazi. Mama mkwe alikuwa analeta uji mwenyewe sasa, akisimama karibu. Nilimwuliza. Ndiyo, safari hii nilimwuliza kila siku, mpaka nikamchosha.

"Lusia lini?"

"Sauti zimekwisha?"

"Zimekwisha, mama."

"Basi tulia nikuone. Asiyeweza kukaa atampakataje mtoto?"

Nilijaribu. Nilikaa mbele yake kwenye kigoda, nikauma meno, nikabana magoti. Kabla uji haujapoa nilikuwa nimeshasimama. Mama mkwe alitikisa kichwa, bila ubaya, akaondoka. Lusia alikuwa amesimama mlango wa nyumba kubwa akitutazama, kidole mdomoni. Nikamsikia anamwuliza bibi yake, "Yule wa nyuma anacheza?" Aliniita hivyo, yule wa nyuma. Bibi yake alimwita Mama.

Tuliporudi hospitali, walimwona mtu anayetembea wakadhani ugonjwa bado unachemka, wakaongeza vidonge. Miguu ikazidi. Wakati huo kaka zake Safari walikuwa wanamshauri aangalie mke mwingine, mimi nirudishwe Gitting kwa wazazi wangu. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunapanda vitunguu. Tayari nilikuwa naruhusiwa kufanya kazi kwenye shamba letu, upande wa chini. "Umewajibu nini?" nilimwuliza. "Nimewajibu sina muda, nina vitunguu," alisema, na tukacheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu waliochoka. Lakini nilijua nisipoweza kukaa, nitampoteza Lusia, na baada ya Lusia nitampoteza na yeye.

Vuli ilifika, zamu yetu ikafika nayo. Kikundi kilikutana nyuma ya zahanati, wanawake wachache wenye mizigo yao, wakiongozwa na Marselina. Siku ya kwanza walipanga viti duara na kuleta chai kwenye birika moja na vikombe. Nilipoingia, wawili waliinuka wakaondoka, kwa sababu sikuwa nimetolewa rasmi na wao walikuwa na watoto wachanga nyumbani. Sikuwalaumu. Waliobaki walitazama vikombe. Hakuna aliyejua kama nikinywea kimoja kitatumika tena. Nikabaki nimesimama nyuma ya kiti changu, nikikanyaga mguu huu, mguu ule, nikisema moyoni kwamba siku nyingine siji.

Mwanamke mmoja mnene, Mama Ero, muuza vitumbua hapo zahanati, akainuka na kikombe chake. Akaja kusimama karibu yangu.

"Na mimi leo miguu inawaka," alisema.

Uongo mtupu. Yule mama anapenda kiti kuliko mtu yeyote Mbulu nzima. Alisimama nami mpaka kikundi kikaisha, akihema, na juma lililofuata akasimama tena, na mwenzake mmoja akasimama naye. Mwisho Marselina akasema viti vinatusumbua bure, tukawa tunazungumza huku tunatembea kuzunguka shamba la zahanati. Nilisema mengi nikitembea. Nilisema jina nililokuwa nimempangia yule mtoto. Sitaliandika hapa.

Katika kuzunguka huko Marselina aliniuliza, "Dada, ni moyo unaotaka kutembea au ni miguu?"

"Miguu. Moyo umechoka, unaomba kukaa."

Alisimama ghafla, aliyekuwa nyuma akamgonga. Siku hiyo hiyo alimpigia daktari. Daktari alikuja mwenyewe, akanitazama magoti, akaniuliza ilianza lini, akasema dawa yenyewe ndiyo inayowasha miguu, akaniomba radhi, akaibadilisha. Kwa hiyo nakuambia, usiishie kusema "sijatulia." Sema ni wapi hujatulia. Waambie tena wasiposikia, na wakikuongezea vidonge na hali ikazidi, rudi ukawaambie mara ya tatu. Mimi nilinyamaza kwa kudhani wameniona.

Wadudu hawakutoka kwa siku moja. Walishuka mapajani, wakabaki magotini, wakabaki nyayoni. Mpaka leo wakati mwingine wanasalimia. Utafiti nao ulikwisha. Watu wake walituuliza maswali ya mwisho, safari hii yakiwa na lile la kama unangoja kutoka, wakatushukuru, wakaondoka. Zahanati dawa zipo miezi mingine, miezi mingine hazipo, na Safari anazifuata mjini. Nimeshamwambia Marselina kwenye simu kwamba kutuonyesha kitu kizuri halafu kukiacha kiyumbe ni kututesa. Alikubali. Anasema wanahangaikia. Nami nangojea, bila utulivu.

Masika iliyofuata wazee walinitoa. Nilinyolewa, nikaogeshwa, nguo za kijumba cha nyuma nikaziacha huko huko, na katekista akasali mwishoni kwa ajili ya upande wake. Mzee Bura alinipa mkono. Kisha mama mkwe akamleta Lusia, amevaa gauni jipya, amepakwa mafuta usoni, akamweka mbele yangu.

Nilikuwa nimekaa. Nilifungua mikono. Lusia alinitazama, akatazama kichwa changu kilichonyolewa, akapiga yowe. Alijificha kwenye sketi ya bibi yake, akaishika kwa vidole vyote, akaita, "Mama! Mama, twende!" Watu wote uani wakainamisha nyuso. Nilimtazama mama mkwe, nikaona jinsi anavyompenda yule mtoto, nikajua akimbeba na kurudi naye nyumba kubwa hakuna atakayemlaumu. Mimi pia nisingeweza kumlaumu.

Alipiga magoti, akafungua kidole kimoja cha mtoto, akafungua kingine, mpaka sketi ikaachiwa.

"Mimi ni bibi," alimwambia. "Mama ni huyu."

Akamweka mikononi mwangu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo zake. Alikuwa ameupanga mapema bila kumwambia mtu. Alisema anakwenda Mogitu kwa binti yake, atakaa huko mpaka mavuno.

"Mama, si lazima uondoke," Safari alisema.

"Nikiwepo atanililia mimi."

Akapanda njia ya juu na mfuko kichwani, saa ya alasiri, watu wakimtazama. Hakugeuka. Lusia alipiga kelele, akanivuta nywele nisizokuwa nazo, akaniuma bega mpaka damu, akanipiga mateke tumboni. Nilimshika. Miguu yangu ilianza kuwaka nikaibana. Mama mkwe alikuwa ameshapotea ng'ambo ya mgongo wa kilima, na mtoto bado anamwita, na mimi nalia pamoja naye kwa sababu nami nilikuwa namtaka arudi. Alilala kwa kuchoka, jua likizama, akiwa bado anashtuka na kwikwi.

Asubuhi alifumbua macho akanitazama. Akatazama mlangoni. Hakulia. Nilipika uji, nikamwekea kwenye kikombe, akakipokea kwa mikono miwili na kuonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akaninyooshea.

"Wa moto," alisema. "Puliza."

Nikapuliza.